"Kiti ya batoto": fanicha fupi katika vyumba vya Bukavu

Baba mkubwa alifika kwangu Jumamosi moja jioni akitokea Mwenga, suruali imeshika tope hadi magotini, mkononi kuku aliyefungwa miguu. Nikampokea begi, nikampokea kuku, nikamsogezea kiti. Alikitazama kile kiti, akanitazama mimi, akabaki wima.

"Karibu, baba. Ikala."

"Niikale wapi?"

"Hapo, baba."

"Mwanangu, hii ni kiti ya batoto."

Hakukosea. Kilikuwa kiti cha chekechea, cha mbao, rangi ya njano imebanduka pale ambapo watoto wa miaka mingi wamekalia. Nilikinunua pamoja na mwenzake na meza yao kutoka kwa shule ndogo iliyokuwa inafunga milango, kwa bei ambayo fundi wa mbao asingekubali hata kunoa msumeno. Mzee aliishia kukaa ukingoni mwa kitanda changu, na kwetu hilo ni zito kuliko habari ya kiti: baba mkubwa hakai kwenye kitanda cha binti yake. Tulikunywa chai kila mtu akiangalia ukuta wake. Kuku, chini ya meza, ndiye peke yake aliyeridhika na vipimo vya chumba.

Tangu siku hiyo natembea na futi ya fundi kwenye mkoba. Nimepima viti vya ofisini, vya kanisani, vya mgahawa, vya saluni ninakosukwa nywele. Nimefikia msimamo ambao rafiki zangu wanauona wa kuchekesha: katika vyumba tunavyopanga Bukavu leo, sehemu kubwa ya fanicha inayoitwa ya watoto inatufaa watu wazima kuliko ile tunayoiita yetu. Miili yetu mara nyingi haina shida nayo, wenye shida ni wageni. Na pale ambapo kweli haitufai, sababu huwa nyingine kabisa, tofauti na zile tunazozitaja.

Tuanze na chumba chenyewe. Changu kiko Nkafu, ndani ya Kadutu: msingi wa mawe, kuta za mbao, bati juu. Ni mita 3 kwa 3 na nusu, yaani mita za mraba 10 na nusu. Kitanda cha sentimita 140 kwa 190 kinakula karibu mita za mraba 2.7. Sasa ingiza fotei, yale makochi ya sponji. Seti ninazoziona kwa majirani huwa na kiti kirefu cha watu watatu, kama mita 2 kwa sentimita 90, viwili vya mtu mmoja mmoja vya sentimita 90 kila upande, na meza ya katikati ya sentimita 110 kwa 60. Piga hesabu: mita za mraba 4 na kidogo. Jumlisha kitanda, na karibu 7 kati ya 10 na nusu zimekwenda, wakati mlango bado haujafunguka, mbabula (jiko la makaa) haijapata kona, masanduku na madumu ya maji yako nje yanangoja zamu, na mtoto anauliza atalala wapi. Kinachobaki ni njia ya kupita kwa ubavu.

Na bado seti hiyo ndiyo ya kwanza kununuliwa. Ndiyo watu wanayoiulizia wakisikia kijana amejitegemea, kabla ya sufuria, kabla hata ya godoro zuri. Nimeingia katika vyumba ambamo fotei zimefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, safi kama madhabahu, na wenye nyumba wanakula wamekaa chini kwenye mkeka kwa kuwa hakuna nafasi ya kuvuta meza. Fotei zimekaa, watu wanazizunguka.

Chimbuko lake mimi naliona kule chini, kwenye rasi ya La Botte na Muhumba, katika nyumba zilizojengwa wakati mji huu ukiitwa Costermansville. Zile zilikuwa na baraza, dari la juu, na sebule ambayo ungeweza kuweka fotei sita na bado mtu akacheza dansi katikati. Baadaye watu walizidi kupanda milima, wengi wakifukuzwa vijijini na vita vilivyoanza 1996, wakajenga palipowezekana, na vyumba vikapungua mwaka hadi mwaka. Picha ya "saloo" haikupungua. Tulirithi sebule kichwani bila kuirithi sakafuni.

Sasa lile neno lenyewe, "ya watoto". Linadanganya kwa namna ambayo inaweza kupimwa. Ulaya wana kanuni ya fanicha za shule inayoitwa EN 1729. Kanuni hiyo haipangi viti kwa umri wala darasa. Inapanga kwa urefu wa mwili, na kila saizi ina rangi yake ya kuitambulisha. Saizi ya 3, ya njano, ina kiti cha sentimita 35 na meza ya 59, kwa mtu wa sentimita 119 hadi 142. Saizi ya 4, nyekundu, ina kiti cha 38 na meza ya 64, kwa mtu wa 133 hadi 159. Saizi ya 5 ni kijani: 43 na 71, kwa mtu wa 146 hadi 176 na nusu. Saizi ya 6 ni bluu: 46 na 76, kwa mtu wa 159 hadi 188.

Mimi nina sentimita 158. Kwa kanuni hiyo naingia kwenye nyekundu, naingia kwenye kijani, na kwenye bluu siingii kabisa. Sasa chukua futi uende ukapime kiti cha kawaida cha mtu mzima mjini, cha kula au cha ofisini. Vingi nilivyopima vilitoka 45 au 46. Yaani kile tunachokiita kiti cha kawaida ni bluu, na mwenye urefu wangu, kwa vipimo vya mwili wake, bado ni mwanafunzi.

Ukitaka ushahidi wa karibu, angalia miguu ya wanawake waliokaa ofisini. Wamevua viatu, visigino vimetundikwa kwenye mbao ya kuunganishia miguu ya kiti, au wamesogea hadi ukingoni na mgongo hauna habari na egemeo. Si ukosefu wa adabu. Kiti kikiwa kirefu kuliko mguu, ukingo wake unabana nyuma ya goti, na mtu anatafuta pa kukanyaga. Mbunifu Le Corbusier, katika miaka ya 1940, alijenga mfumo mzima wa vipimo alioupa jina Modulor, na mwili aliouchukua kama mfano ni wa mwanamume wa sentimita 183. Bwana huyo sijawahi kumpisha kwenye vijia vya Nkafu, lakini viti vyake naona vimenifikia.

Kuna kipimo kimoja ambacho fundi mzuri anakijua bila kukiandika: tofauti kati ya kiti na meza. Rudi kwenye zile saizi utoe hesabu. 59 kutoa 35 ni 24. 64 kutoa 38 ni 26. 71 kutoa 43 ni 28. 76 kutoa 46 ni 30. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mabega yatapanda au mgongo utajikunja, kuliko urefu wa kiti peke yake au wa meza peke yake. Kwa hiyo anayeokota kiti kwa huyu na meza kwa yule, eti vyote ni vya watoto, anaweza kujiumiza zaidi ya aliyebaki na vya watu wazima. Mimi nilifanya kosa la jirani na hilo. Nilinunua seti kamili iliyopatana yenyewe kwa yenyewe, lakini haikupatana nami. Kiti cha njano kina sentimita 35. Kunywea chai, sawa. Kuandika makala kwa saa mbili, magoti yanakaribia kifua, na ukiinuka unatembea kama mtu aliyeshuka lori kutoka Kamituga.

Kwa hiyo baba mkubwa alikuwa sahihi, ila kwa sababu ambayo hakuitaja. Yeye alilalamikia heshima. Angelalamikia magoti ningemwelewa mara moja. Kuinuka kutoka kiti kifupi kunayadai magoti na nyonga nguvu nyingi zaidi, na mtu wa makamo yake, baada ya siku nzima kwenye barabara ile, hana nguvu ya kuchezea. Mjamzito vilevile. Katika hili sina ubishi: mzee, mgonjwa na mama mwenye mimba wapewe kiti cha urefu kamili, chenye mikono ya kujisukumia. Kimoja chumbani kinatosha, na kisitundikwe nguo.

Baada ya hapo tugawane vitu kimoja kimoja, maana "fanicha ya watoto" ni jina la vitu visivyofanana.

Meza fupi naitetea bila kusita. Meza ya sentimita 46 (ndiyo saizi ya 1, ya watoto wadogo) inaingia chini ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali hadi nusu mita, na mchana chumba kinakuwa cheupe. Ikiwekwa chini ya dirisha haifiki kwenye kizingiti, kwa hiyo mwanga wote unaingia, na kwa sisi tunaoishi mlimani dirisha ndilo sebule ya pili: ukiwa umekaa unaona bati za majirani zikishuka ngazi kwa ngazi, halafu kipande cha Ziwa Kivu. Chumba chenye vitu vifupi kinaonekana kirefu kwenda juu. Ukuta unaonekana, na jicho linapata pa kupita.

Kabati fupi nalo nalitetea, na hapa nina sababu ya mtu wa mji huu. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, ardhi ilitikisika hapa kwetu na ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda, na watu walikufa. Nyumbani kwetu kabati la vyombo, refu kama mlango, liliinama kama linasalimia, likamwaga sahani zote za mama, kisha likaanguka juu ya kiti ambacho dakika chache kabla yake dada yangu alikuwa amekalia. Tangu siku ile mama hajaweka kitu kizito juu ya usawa wa kiuno chake. Hajasoma kitabu chochote cha matetemeko. Kabati la mtoto, lenye kimo cha mita moja hivi na kitako kipana, liko karibu na ardhi tayari.

Kitanda, hapana. Vitanda vya watoto vinavyokuja na mitumba ya Ulaya ni vya sentimita 60 kwa 120 au 70 kwa 140, na hakuna hila ya kumlaza mtu mzima humo. Lakini cha 70 kwa 140, ukikitoa ubavu mmoja na kukiegemeza ukutani, kinakuwa benchi la watu wawili wanaopendana, au watatu wasio na la kufanya. Kinachukua chini kidogo ya mita moja ya mraba, wakati fotei ndefu inachukua 1.8. Tahadhari moja tu kwa anayenunua: vitanda vya kichanga vyenye ubavu unaoteleza juu na chini, Marekani ilipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza tangu Juni 2011, kwa sababu ubavu ulikuwa ukichomoka na watoto wachanga wakanaswa na kufa. Ukikifanya benchi, hakuna neno. Usimlaze mtoto humo kwa kuwa tu kiliundwa kwa ajili yake. Ajabu ya kitu: kinamfaa zaidi mtu mzima.

Viti vya plastiki vya watoto, vile vya rangi kama pipi, sivitaki. Kiti cha plastiki cha kipande kimoja ni ubunifu wa kuheshimiwa. Mfaransa Henry Massonnet alitoa cha kwake mwaka 1972, na leo hakuna matanga wala harusi Bukavu bila nasaba yake. Lakini cha mtoto kimetengenezwa kwa uzito wa mtoto. Jirani yangu, mama mwenye mwili wake, alikikalia kimoja hapo uani tukichambua sombe. Miguu ilifunguka taratibu pande nne, kama ng'ombe kwenye utelezi, na mama akashuka hadi chini bila kumwaga hata jani moja. Alicheka yeye kwanza, namshukuru Mungu.

Cha mbao ndicho cha kuzungumzia, na hapo lazima uende kwa fundi. Wangu ana kibanda karibu na soko la Kadutu, na alinionyesha tofauti kwa kugeuza viti viwili miguu juu. Cha mtoto miguu yake ina unene wa sentimita mbili na nusu, imepigwa misumari na kupakwa rangi nzuri ya kuficha misumari. Cha mkubwa ina sentimita nne, na ulimi wa mbao moja umeingia kwenye tundu la nyingine, halafu gundi. "Hii ya misumari, mutu mukubwa akiikala anacheza-cheza, kesho iko inalia, kesho kutwa iko chini," aliniambia. Kwa hiyo unachoagiza ni kiti chenye kimo cha mtoto na mifupa ya mtu mzima. Uliza pia mbao ilikatwa lini. Mkalitusi mbichi, hasa wa majira ya mvua, ukikauka unajipinda na kupasuka, na kiti kilichokaa sawa kwa fundi kinakuja kuyumba nyumbani kwako.

Nilimwonyesha kwenye simu picha ya kiti cha Mnorwe Peter Opsvik, Tripp Trapp, ambacho nacho ni cha mwaka 1972. Mbao mbili za pembeni zimechanjwa mistari mingi, kikalio na pa kukanyagia vinateleza ndani ya mistari hiyo, unavipandisha au kuvishusha kadiri mtoto anavyokua, hadi awe mtu mzima na bado anakalia kilekile. Fundi alikuza picha, akapunguza, akanyamaza, kisha akasema kazi yote iko kwenye kuchanja mistari sawasawa pande zote mbili, na kwamba angehitaji mbao kavu kuliko aliyo nayo. Hakusema haiwezekani.

Sasa nije kwenye mgongo mwingine, wa anayebeba. Mengi ya makazi yetu hayafikiki kwa gari. Barabara inaishia mahali, halafu ni ngazi za udongo, vijia vya upana wa mabega, mfereji, kona ya choo cha jirani. Fotei ndefu kufika Nkafu inataka wanaume wanne, ugomvi na mwenye bati iliyogongwa, na mara nyingine kung'oa mlango. Meza yangu na viti viwili vilipanda mara moja tu, mgongoni mwa mama mmoja wa kubeba mizigo, kamba imepita kwenye paji la uso, viti vimepinduliwa juu ya meza. Alinipita kwenye kona zote mbili. Mimi nilikuwa mikono mitupu na nahema.

Kushuka kuna maana kuliko kupanda. Mpangaji wa mji huu hakai. Mwenye nyumba anaamka siku moja anasema mtoto wake anaoa, chumba kinatakiwa, au kodi imepanda kuanzia mwezi ujao. Mwenye fotei anapiga hesabu ya kubebesha, anaangalia garanti, malipo ya mbele ya chumba kingine, ambayo hana, anameza mate na kulipa. Mwenye meza fupi na viti viwili anaweza kusema, "Sawa, mzee, Jumamosi natoka." Sijui kama mnaona jinsi sentensi hiyo inavyobadilisha mazungumzo. Na moto je? Nyumba za mbao za Kadutu zinapowaka haziwaki moja, zinawaka safu nzima, na gari la zimamoto haliwezi kupita mahali ambapo fotei ilipita kwa taabu. Dakika ile unataka mlango ulio wazi na vitu unavyoweza kuvirusha nje kwa mkono mmoja, mwingine umemshika mtoto.

Kuna rafiki yangu anayenipinga vikali, na hoja yake si ya kupuuza. Anasema ninawasaidia wenye nyumba. Leo nawafundisha watu kuishi katika mita 10 kwa viti vya chekechea, kesho mwenye nyumba ataweka ukuta wa tripleksi, mbao nyembamba, katikati na kupangisha mita 5 kwa watu wawili, akisema si mnatoshea. Anaweza kuwa sahihi kuhusu wenye nyumba. Lakini fotei haijawahi kumzuia yeyote kati yao kuweka tripleksi. Nimeona chumba kimegawanywa na fotei ikabaki upande mmoja, imeziba dirisha.

Turudi kwenye aibu, maana ndiyo inayosumbua. Mchana kutwa, katika kila ua wa Bukavu, utamkuta mwanamke amekaa kwenye kigoda cha kiganja kimoja na nusu kutoka ardhini, mbele ya mbabula, anageuza bugali, anapepea makaa, mgongo umepinda kama mpini wa jembe. Amekaa hivyo saa tatu, nne. Sijasikia mtu akisema amekalia kiti ya batoto. Kimo hicho ni halali kabisa jikoni. Kikivuka mlango na kuingia saloo kwa kimo mara mbili ya hicho, na mwanamume akatakiwa kukikalia, ndipo kinakuwa tusi. Viti havibadiliki kati ya ua na saloo, anayebadilika ni mkaaji. Ningependa wanaolinda heshima ya sebule wapitie kwanza pale uani na futi yangu.

Na heshima yenyewe haikuwa na miguu mirefu sikuzote. Sisi Warega tuna kisumbi, kile kigoda cha watu wa ngazi za juu katika bwami, chama chetu cha jadi cha wazee wenye vyeo. Ni kifupi, kikalio chake kimechimbwa kama bakuli la kina kidogo, kinashikwa na miguu minne iliyokunjwa kama magoti. Mzee wa kindi, ngazi ya juu kabisa, hakuhitaji fotei ya sponji ili watu wajue wamesimama mbele ya nani. Nilimpigia simu baba mkubwa kumwuliza, nikidhani nimemkamata.

"Baba, kisumbi nacho si kilikuwa kifupi?"

Alicheka hadi akakohoa. "Mwanangu, ile haikuwa kiti. Ilikuwa cheo."

Basi sikumkamata. Ila alinipa nilichokuwa natafuta: sentimita hazikuwa shida. Kisumbi kina historia nyuma yake na watu wanaokitambua. Kiti changu cha njano hakina chochote nyuma yake isipokuwa shule iliyofungwa. Fanicha fupi itaacha kuwa aibu siku watu wenye uwezo wa kununua ndefu watakapoichagua, na nina mashaka kama mimi, kwa kipato cha makala, ndiye wa kuanzisha mtindo huo.

Kuna mwathirika mmoja nilikaribia kumsahau. Mtoto wa dada yangu, ana miaka 7, anaishi nami. Meza ilipoingia aliishangilia, ilikuwa ya kimo chake. Ndani ya wiki mbili niliweka juu yake kompyuta, termosi, vitabu vyangu, mshumaa wa dharura, na yeye nikamkuta analala kifudifudi sakafuni anaandika hesabu za shule. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Tunapochukua vitu vya watoto kwa ajili ya vyumba vyetu vidogo, mara nyingi kuna mtoto ndani ya chumba hichohicho, na yeye hana pengine pa kwenda: kwake meza ya mtu mzima ni ukuta. Siku hizi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi atakapomaliza kazi ya shule, meza ni yake, na mimi naandika nikiwa nimeegemea mto kitandani, vibaya, lakini ni mimi niliyekuwa na chaguo.

Viti vya njano nimemwachia vyote viwili. Kwa ajili yangu nilipata kimoja cha sentimita 43, kilichotoka darasa la sita la shule fulani, kina jina la mvulana limechongwa kwa kisu kwenye egemeo. Miguu yangu inagusa sakafu yote.

Wiki iliyopita nilikwenda tena kwa fundi, kwa sababu baba mkubwa amesema atarudi mvua zikikatika. Nilimweleza: mkalitusi mkavu, ulimi na tundu, mikono pande zote mbili, kikunjike ili kitundikwe ukutani asipokuwepo. Fundi alitoa penseli nyuma ya sikio.

"Iko ya mukubwa ao ya mutoto?"

Nilimwambia aandike 46.